Majani Bila Viazi

Naleta ushuhuda huu kwa shukrani, nikimfikiria mkulima ambaye huenda sasa amesimama pale niliposimama mimi.

Nilikuwa dalali wa viazi mviringo Tunduma. Vikishuka kutoka Umalila na Ileje tulivifunga lumbesa, vingine vikavuka kwenda Nakonde. Nikatamani kulima mwenyewe. Nikakodi shamba Kamsamba, bonde la Rukwa, nikanunua mbegu kwa mzee mmoja wa Umalila, nikaotesha Desemba mvua ilipoanza.

Mashina yalistawi hadi wapita njia wakanipongeza. Tulipochimba tukakuta vijiviazi kama gololi. Nilimfuata yule mzee, nikamwita mwizi mbele ya wajukuu zake. Hakubishana. Alinirudishia nusu ya fedha, ingawa hakuwa na deni langu, nami nikazipokea.

Mwaka uliofuata nilitumia mbegu ya mtu mwingine. Yakawa yale yale. Ndipo bwana shamba, aliyekuja kukagua mpunga wa jirani, akang'oa shina moja. Vikonyo ambavyo vingevimba kuwa viazi vilikuwa vimegeuka machipukizi. Joto la usiku likizidi nyuzi 20 hivi, alisema, kiazi hakitungi vizuri. Nguvu huishia kwenye majani. Zao hili asili yake ni milima ya Andes.

Alinieleza pia habari za Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa Lima, Peru, mwaka 1971. Watafiti wake hupandanisha viazi, huotesha maelfu ya miche na kutupa karibu yote, wakitafuta vinavyostahimili joto, na virusi pia, maana kwenye joto vidukari huzaana haraka na kuvieneza. Humo ilitoka aina iitwayo Unica, iliyoidhinishwa Kenya mwaka 2016.

Iliniuma. Watafiti wale walitupa miche miaka na miaka bila kumlaani mtu. Mimi msimu mmoja tu ulinifanya nimvunjie heshima mzee wa watu.

Nilipanda Umalila kuomba radhi, nikitarajia kufukuzwa. Alinipa kiti, tukala. "Yameisha, mwanangu," akasema. Kisha akanikopesha gunia la mbegu, akaniambia nioteshe Juni, usiku wa bondeni unapopoa, na nimwagilie.

Nilivuna kidogo kuliko wakulima wa milimani, lakini nilivuna, namshukuru Mungu. Unica sijaipata bado. Naendelea kuulizia mbegu zinazostahimili joto kwenye kituo cha utafiti cha TARI Uyole. Gunia lake nimelirudisha, pamoja na ile nusu ya fedha. Gunia alilipokea. Fedha alizikataa, akataka niwanunulie mbegu vijana wa Kamsamba wanaotaka kujaribu.