Posa na Kura

Wahenga walinena kuwa ulimi hauna mfupa. Baada ya uchaguzi wa 2022, dada yangu alileta mchumba nyumbani. Kabla hajamaliza chai, nilimuuliza: "Kwenu mlimpigia nani kura?" Sikuuliza kazi yake wala tabia yake. Mama alinikata jicho. Mgeni akainamia kikombe.

Ingawa mimi ni mwanafunzi wa fasihi, swali hilo lilinifikisha kwa Shanto Iyengar, mwanasayansi wa siasa wa Chuo Kikuu cha Stanford. Awali alichunguza nguvu za habari za televisheni; mwaka wa 1987 akachapisha kitabu kuzihusu pamoja na Donald Kinder. Mwaka wa 2012, yeye na wenzake walidhihirisha kwamba kinachowatenga wafuasi wa vyama Marekani ni chuki kuliko sera. Kipimo chao kimojawapo kilikuwa ndoa. Mwaka wa 1960, takriban asilimia 5 tu ya wafuasi wa Republican walichukizwa na wazo la mtoto wao kuoa au kuolewa katika chama pinzani. Kufikia 2010, walikuwa karibu nusu.

Kwetu Kenya, vyama huundwa na kuvunjwa kila msimu. Aghalabu swali la kura ni swali la kabila lililovishwa kanzu. Nami, mtetezi wa lugha inayosifiwa kwa kutuunganisha, nililiuliza kwa Kiswahili sanifu.

Shemeji hajawahi kunikumbusha siku ile, wala sijamwomba radhi. Insha hii na iwe mwanzo.