Kabla Hujafuta Kanda ya Baba

Leo sikuletei andiko. Nina ungamo, na ndani yake kuna jambo litakalokusaidia nyumbani.

Mama aliniomba kitu kidogo tu: aweze kumwona baba kwenye simu yake. Baba alitutoka miaka tisa iliyopita. Tulikuwa na kanda kumi na moja za MiniDV, ambazo nilizihamishia kwenye diski kabla kamera haijafa. Saa moja ya video ya namna hiyo hula takriban GB 13. Huwezi kumtumia mama kitu kama hicho. Ni lazima uigeuze iwe ndogo.

Laptopu yangu ya mahubiri ilichukua zaidi ya saa tatu kwa kanda moja. Kijana mmoja wa mitambo akaniambia, "Pasta, leta hiyo diski, kompyuta yangu ya gemu iko na GPU." Dakika tano, kanda imekwisha! Nilishangilia kama mtu aliyepata uponyaji. Na kwa sababu diski ilikuwa imejaa, nikaanza kufuta faili za asili. Nikafuta mbili.

Jioni mama akatazama mkesha mmoja wa nyumbani, baba akiimba karibu na moto. Akanyamaza. Halafu akasema, "Mwanangu, mbona uso wake umeyeyuka?"

Ni kweli. Gizani uso ulikuwa vipande vya mraba, na kila alipopiga makofi mikono ilitoa mistari kama meno ya kitana.

Kosa halikuwa la yule kijana, wala la mashine. Mpendwa, ndani ya GPU kuna sehemu maalumu iliyotengenezwa kwa kazi ya kubana video. Kwenye kadi za NVIDIA huitwa NVENC. Ina kasi ya ajabu, lakini haitafuti sana njia bora ya kubana kila fremu. Prosesa ikiruhusiwa kwenda polepole na programu kama x265, kwa kawaida hutoa picha safi zaidi kwa faili ya ukubwa uleule. Mimi nilikuwa nimeipa GPU biti chache mno, na video ya usiku yenye chengachenga inahitaji biti nyingi. Ile mistari nayo ilitokana na kamera za zamani, ambazo hurekodi kila fremu nusu mbili kwa zamu. Nusu hizo lazima zitenganishwe kwanza, na mimi niliruka hatua hiyo.

Sasa nafanya hivi. Kwenye HandBrake, ambayo ni ya bure, nachagua ubora usiobadilika badala ya kiwango maalumu cha biti. Naanza na 20 hivi, na nikitaka picha bora zaidi nashusha namba. Nawasha kichujio cha kuondoa ile mistari. Hapo usishangae GPU ikipungua kasi, kwa maana mara nyingi kichujio hicho hufanywa na prosesa, na GPU inakaa ikingoja. Diski kuukuu ya USB nayo huchelewesha. Tena naichagulia GPU mpangilio wa polepole. Bado inamaliza kabla chai haijapoa.

Kwanza kabisa najaribu dakika moja tu, ile yenye giza zaidi. Usijaribu na harusi ya mchana, kila kitu hupendeza mchana! Nakala za simu naiachia GPU. Nakala ya kuwekea wajukuu naiachia laptopu ifanye usiku kucha, nami nalala. Video za simu yako ambazo tayari zinacheza vizuri usiziguse, kwa sababu kila kubana upya kunapunguza kitu.

Faili tisa zilizobaki nimezinakili kwenye diski ya pili, iko kwa dada yangu. Kati ya zile mbili nilizofuta, kanda moja bado ni nzima, na nimepata fundi mwenye kamera inayoweza kuisoma. Ya pili, ile ya mkesha, imeingia ukungu na haisomeki tena. Tumebaki na ile nakala ya dakika tano.

Mama huicheza karibu kila jioni. Sauti haikuharibika, kwa hiyo huilaza simu kifudifudi juu ya meza na kusikiliza.