Amana ya Santuri

Kwa miaka 18 niliishi na santuri isiyo yangu. Iliniingia mkononi kwa kuazimwa, katika baridi ya mwaka 2003, nilipokuwa mwanafunzi mgeni jijini London.

Usiku mmoja jirani wa ghorofa ya juu aligonga mlango wangu. Alikuwa mtu wa makamo, fundi wa umeme, mzaliwa wa Cardiff. Nilidhani amekuja kulalamika, kwani nilikuwa nikisikiliza kanda ya Culture Musical Club kwa sauti isiyozuilika na kuta zile nyembamba. Kumbe alitaka kujua jina la chombo chenye nyuzi nyingi. Nikamwambia ni kanuni. Akaniomba ile kanda, nikampa. Siku ya pili akanialika kwake, akaweka santuri ya vijana watatu wa mjini kwao, Young Marble Giants, iliyotolewa mwaka 1980 kwa jina la Colossal Youth.

Mimi niliyelelewa na taarabu, ambamo fidla, udi na akodiani hushikana mikono bila kuacha upenyo, nilidhani wapigaji wengine wamechelewa kufika. Palikuwa na gitaa, besi, kinanda mara mojamoja, na mdundo hafifu wa mashine. Juu yake ilikuja sauti ya Alison Statton, isiyolalama wala kujipamba, mithili ya mtu azungumzaye peke yake jikoni. Kilichobaki kilikuwa kimya, na kile kimya kilinishika kuliko ala zote. Tangu niondoke nyumbani sikuwa nimesikia kitu kilichofanana hivyo na upweke wangu.

Jirani akanieleza asili ya muziki ule. Panki, neno ambalo vijana wa kwetu walilijua zaidi kama mtindo wa kunyoa nywele, ulikuwa muziki wa ghadhabu uliolipuka Uingereza mwaka 1976. Waliofuata nyuma yake walichukua ujasiri, wakaacha makelele. Mnamo Januari 1977 Buzzcocks wa Manchester walikopa yapata pauni 500, wakajichapishia santuri 1,000 bila ya kungoja idhini ya kampuni yoyote kubwa. Mwaka uliofuata Scritti Politti waliandika juu ya jalada la santuri yao ya kwanza gharama zote: studio kiasi gani, kuchapisha kiasi gani, hata zile lebo za katikati. Atakaye naye afanye.

Hapo nilimkumbuka ami yangu. Alikuwa na santuri za Siti binti Saad, bibi yule aliyevuka bahari kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Ami alizifungia sandukuni, hakumwazima mtu, hata sisi watoto wa nyumbani tulizisikia kwa nadra kama mwezi wa Idi. Alipofariki tukalifungua lile sanduku. Nyingi zilikuwa zimevunjika, na waliozijua nyimbo zile kwa moyo walikuwa wamekwisha kutangulia. Nilimpenda sana ami, lakini mbele ya jalada lile lililotaja gharama zake hadharani niliona haya kwa niaba yake.

Nilinunua mashine kuukuu ya kuchezea santuri, na jirani akaniazima ile ya Cardiff. Kisha, mwaka 2005, nikahama. Ahadi ya kuirejesha niliisogeza wiki, ikawa mwezi, ikawa miaka. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilipokwenda kulipa, mwaka 2011, matanga yalikuwa yamekwisha kuanuliwa. Jirani alifariki baridi iliyopita, vitu vyake vilichukuliwa, na wakaazi wapya hawakuwa na khabari ya kanda yoyote. Nilirudi na santuri yangu kwapani, yaani yake.

Tangu siku hiyo sikuithubutu kuipiga. Nikagundua kwamba nami nilikuwa nimejifungulia sanduku.

Mwaka 2021 mpwa wangu, aliyezaliwa huku huku Uingereza, alinipigia simu. “Shikamoo Mjomba. Sikiliza hii.” Ilikuwa albamu ya kwanza ya Dry Cleaning, kundi la London, iitwayo New Long Leg. Gitaa lilikuwa zito na lenye miiba, ila Florence Shaw haimbi. Anazungumza, taratibu, kama aliyesahau kwamba kuna watu. Niliijua ile sauti ya jikoni, ijapokuwa jiko lilikuwa jengine na miaka 41 imepita.

Jumamosi akaja. Tukasikiliza ya kwake, kisha nikaitoa ile ya jirani, nikaifuta vumbi, tukaisikiliza upande wa kwanza hadi wa pili bila ya kusema neno. Alipokuwa akivaa viatu nikampa aende nayo.

“Niirejeshe lini, Mjomba?”

Nikamwambia si yangu. Atakapopata wa kumwazima, asingoje kama nilivyongoja mimi.