Mzigo wa Jirani

Wahenga walinena, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii niliielewa likizo ya mwaka jana, nyumbani kwetu Mumias.

Jumapili moja nilitoka kanisani nikiwa na furaha tele. Tulikuwa tumesimuliwa habari za Askofu James Hannington, mmishonari Mwingereza aliyepitia hapa kwetu, kwa Nabongo Mumia, mwaka 1885 akielekea Buganda. Mnamo tarehe 29 Oktoba aliuawa huko Busoga pamoja na wapagazi wake wengi.

"Kukhu," nikamwambia nyanya, "mimi pia nitakuwa mmishonari. Nitaenda mbali!"

Nyanya aliendelea kuchambua mboga. "Na hao wapagazi waliitwa nani?"

Nikabaki kimya. Jina la askofu nililijua. La mpagazi, hata moja sikulijua.

"Haya, na yule mama jirani mwenye mguu mgonjwa? Nimekuona ukimpita njiani na mtungi wake wa maji kichwani. Ukamsalimia tu!"

Lo! Wasomaji wapenzi, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kweli nilikuwa nimempita, tena nikiimba pambio.

Jioni hiyo nilienda kumchotea mitungi miwili. Ule wa pili nusura univunje shingo. Kumbe haukuwa usufi hata kidogo!

Tangu siku hiyo, kila likizo mimi ndiye mpagazi wake. Kwenda mbali nitaenda, Mungu akipenda, lakini safari yangu imeanzia kwa jirani. Je, msomaji mwenzangu, yako?