Mche wa Mhina Niliokupa

Mwanangu,

Nimefurahi mno kusikia ule mhina niliokukatia umechanua, na kwamba magharibi ikiingia harufu yake inakufuata hadi chumbani. Vijiua vidogo vile, vyeupe kama maziwa, na harufu yote ile!

Umeuliza namna ya kutengeneza hina. Chuma majani, uyaanike kivulini, uyatwange, kisha uchekeche kwa kitambaa chepesi. Usifanye haraka hapo, kijiti kimoja kikibaki kinaharibu ua zima. Kanda kwa maji ya ndimu na chai ya rangi iliyokolea, iwe nzito kama mtindi, ufunike ilale. Asubuhi weka tone kiganjani. Ukilifuta ukaona doa la rangi ya chungwa, iko tayari. Na usivunjike moyo ukibandua ukaona uchungwa tu. Siku ya pili huiva ikawa damu ya mzee.

Marehemu bibi yako aliibandika kwenye kipaji cha uso kichwa kikimgonga, na kwenye nyayo zilizomwaka moto. Mimi naipaka visigino vinapopasuka.

Piko usikubali. Mhina hautoi weusi. Weusi wa piko ni dawa ya nywele, yenye kemikali iitwayo PPD. Nilipakwa kwenye harusi ya dada yangu. Siku chache baadaye malengelenge yakaufuata mchoro jani kwa jani, ua kwa ua, na kovu ningali nalo mkononi.

Sasa mtoto. Najua watakuja wazee kutaka kumpaka hina, na nia yao ni njema. Wakatalie kwa adabu, lakini wakatalie. Hapa pwani, kama kwingine kwenye malaria, wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na kwa macho huwezi kuwajua. Hina ikipenya ngozi yao laini, chembe nyekundu za damu huvunjika, mtoto akawa manjano, akahitaji hata kuongezwa damu. Wala mtu asimnyweshe maji ya majani yake, hata kijiko. Wewe jipake nyayo upendavyo, yeye muache.

Nikija kwenye arobaini nitaleta mkasi tupunguze matawi ya upande wa mlangoni. Yakizeeka huota miiba, na mtoto hachelewi kutambaa.

Shangazi yako