Shafti ni shafti: kipuri kinachotengenezwa na pia kununuliwa

Najua nimepotea hapa kwa muda. Sikuwa mgonjwa wala sijachoka kuandika. Nilikuwa nimezama kwenye kazi ya ERP iliyonifunza adabu. Nilitaka kuinyamazia, lakini juzi rafiki niliyesoma naye kompyuta chuoni aliniuliza swali lilelile lililoniangusha. Basi heri niliandike, ajifunze bila kulipa karo niliyolipa mimi.

Swali lenyewe ni hili: kuna kipuri ambacho karakana inakitengeneza yenyewe, lakini wakati mwingine inakinunua kikiwa tayari. Kwenye programu unakiandikaje?

Kwa wasiojua, ERP ni programu inayounganisha stoo, manunuzi, uzalishaji na hesabu za pesa mahali pamoja. Mteja wangu ana karakana Industrial Area hapa Nairobi, wanaunda mashine za kusaga mahindi. Mota, beringi na mikanda wananunua. Mwili wa mashine wanakata na kuchomelea wenyewe. Shida ilikuwa shafti. Siku za kawaida fundi anaikereza hapo hapo kutoka chuma cha mviringo. Stima zikipotea, au oda zikizidi, kijana anatumwa mjini kununua zilizo tayari.

Mimi na digrii yangu nikaona jibu ni rahisi. Nikaunda namba mbili: SHF-T kwa shafti ya kutengenezwa, na SHF-N kwa ya kununuliwa. Kila moja na bei yake, kila moja na asili yake. Nikajipongeza. Kwenye orodha ya vipuri vya mashine nikaweka SHF-T, maana ndiyo ya kawaida.

Kwenye rafu, hata hivyo, shafti zote zilikaa sanduku moja. Kipenyo kimoja, urefu mmoja. Fundi akitaka shafti anachukua iliyo karibu na mkono.

Angalieni hesabu. Kwa miezi minne walitengeneza shafti 31 na kununua 26, jumla 57. Wakaunda mashine 48, kila moja shafti moja. Zilibaki 9. Lakini programu ilitoa zote 48 kwenye SHF-T, kwa hiyo SHF-T ikasoma hasi 17, na SHF-N ikabaki 26 bila kuguswa. Ukijumlisha unapata 9, sawa kabisa. Ila hakuna aliyejumlisha. Na hapa ndipo ninapoona haya: ripoti ya stoo niliyomwandalia mhasibu nilikuwa nimeiambia ifiche namba zote hasi. Sababu? Zilikuwa zinaonekana vibaya.

Siku ya kuhesabu mali ikafika. Ripoti ikasema shafti 26. Sandukuni zikapatikana 9. Shafti 17 hazipo, na kwa bei ya dukani ya shilingi 3,800 hiyo ni shilingi 64,600. Anayekaa na ufunguo wa stoo ni mzee mmoja aliyefanya kazi pale tangu kabla sijaanza shule ya msingi. Ikaamuliwa akatwe mshahara kidogo kidogo mpaka deni liishe. Hakuna aliyemwita mwizi mbele yake, lakini vijana wa karakana waliacha kumtania, na hilo linatosha.

Niliitwa "kuthibitisha kwamba kompyuta iko sawa". Nikathibitisha! Nilifungua ripoti, nikaona 26, nikasema iko sawa. Nikiwa natoka, mzee akaniita.

"Kijana, njoo uone hiki."

Akatoa kitabu chake cha kaunta, kile chenye jalada jeusi. Ukurasa mmoja, kichwa chake "Shafti". Zimeingia 57. Zimetoka 48. Zimebaki 9. Kila tarehe ipo, kila sahihi ya fundi ipo.

"Mzee, hizi za kununua umeziandika wapi?"

"Hapo hapo. Shafti ni shafti. Ikishaingia stoo, nitaulizia ya nini ilikozaliwa?"

Nilirudi kwenye tarakilishi, nikaondoa kile kichujio changu, na hasi 17 ikanikodolea macho. Nilikwenda kwa bosi siku hiyo hiyo nikamweleza kosa ni langu. Makato yalifutwa. Kumwomba mzee msamaha kulikuwa kugumu zaidi. Alinijibu tu, "Haya, tengeneza mashine yako." Mpaka leo bado anaandika kitabu chake, na simlaumu.

Sasa tuje kwenye dawa. Kosa langu la msingi ni kwamba niliweka asili ya kipuri ndani ya jina lake. Kipuri kinatambulika kwa kazi kinayofanya. Kununua au kutengeneza ni uamuzi wa kila hitaji linapojitokeza, na uamuzi huo mahali pake ni kwenye oda.

1. Jiulize: fundi anaweza kuchukua chochote kati ya hivyo viwili bila kuuliza mtu? Kama ndiyo, namba ni moja. Kama ile ya dukani ina kipenyo tofauti au chuma dhaifu zaidi, hivyo ni vipuri viwili, vipe namba mbili na masanduku mawili.

2. Weka njia ya kawaida, kisha mtaje mtu mwenye ruhusa ya kuibadilisha. OpenERP 7 ilikuwa na nafasi ya chaguo moja tu, kununua au kutengeneza. Toleo la 8 lilipotoka mwaka 2014 kwa jina jipya la Odoo, ikawezekana kutia alama njia zote mbili. Lakini usidanganyike: ukitia zote mbili bila kusema zaidi, programu inafuata iliyotangulia kwenye mpangilio, kila mara. Haijui kwamba stima zimepotea. ERPNext inakupa njia ya kawaida kwenye kipuri, kisha kwenye mpango wa uzalishaji unaweza kuibadilisha. SAP wana herufi: E ni kutengeneza, F ni kununua, X ni zote mbili. Hata hiyo X kwa kawaida hupendekeza kutengeneza, na mpangaji ndiye anayegeuza pendekezo liwe ombi la kununua.

3. Ukigeuza, futa oda ya mwanzo. Oda ya kutengeneza shafti tayari imeshaomba chuma cha mviringo. Ukinunua shafti na kuiacha ile oda hai, utanunua shafti na chuma chake pia.

4. Bei mbili zisikutishe. Yetu ya kutengeneza inagharimu shilingi 2,900, ya dukani 3,800. Kwa zile 31 na 26, wastani ni kama 3,310, na programu inaupiga yenyewe. Ukitaka kujua njia ipi ina nafuu, soma oda za kutengeneza na za kununua. Huhitaji namba ya pili.

5. Kama unahofia ubora, tumia namba ya fungu. Kila fungu linaloingia lipewe namba, liandikwe limetoka kwa fundi au dukani. Shafti ikivunjika kwa mteja utajua ilikotoka.

6. Usifiche namba hasi. Hiyo ni programu inakupigia kelele. Ukiinyamazisha, atakayelipa ni yule asiye na neno la siri la kuingia na kujitetea.

Kuziunganisha zile namba mbili kulinichukua Jumamosi moja. Nilihesabu sanduku nikiwa na mzee: yeye anasoma kitabu, mimi nachapa. Zikatoka 9.

Haya, nirudi kazini. Kama wewe umeitatua kwa njia nyingine, niandikie hapa chini. Na kama una mtunza stoo mwenye kitabu cha kaunta, kaa naye kwanza kabla ya kuandika mstari wowote wa programu.