Anayevunja, alipe?

Hoteli yetu ya vyumba vinane hapa Bukavu tuliianza kwa pesa ya likirimba. Tulifikiri wageni watarudi kwa sababu ya Ziwa Kivu linaloonekana dirishani. Kumbe wanarudi kwa sababu ya watu.

Mwanzoni tuliweka sheria: anayevunja chombo, alipe. Kila mwisho wa mwezi tulikata mishahara. Basi vyombo vikaanza kuvunjika kimyakimya. Siku moja mgeni alikatwa mguu na kipande cha glasi kilichofagiliwa chini ya kitanda. Binti wa usafi alilia: “Mama, niliogopa mshahara.” Alikuwa anasomesha wadogo zake wawili. Kuficha lilikuwa kosa lake, lakini woga tuliupanda sisi.

Mgeni tulimpeleka hospitali na kumrudishia pesa yake. Binti hatukumfukuza, tulifuta ile sheria. Sasa kila asubuhi, kabla ya kugawa mashuka, tunakunywa chai pamoja na kuulizana: nini kimevunjika, nani mgonjwa, mgeni gani amelalamika? Anayesema ukweli hakatwi kitu. Sisi wenye hoteli pia tunasema makosa yetu, na hapo ndipo pagumu.

Mwezi uliopita yule binti alituletea bahasha ya dola aliyoikuta chini ya mto. Mwenyewe tulimkuta bado bandarini, anangoja meli ya Goma.

Mama mwenye duka, mgahawa au mtumishi nyumbani: kwako, anayevunja anasema, au anaficha?